Chemutoi na Wenzake Wasiotajwa

Thamani ya mtunzi wa muziki haipimwi kwa umaarufu wake, kwa kuwa umaarufu hutegemea sana nani alihifadhi kazi yake na kuandika jina lake. Antonio Vivaldi wa Italia alifariki Vienna mwaka 1741 akiwa fukara, na kazi zake nyingi zilisahaulika hadi mwaka 1926, miswada yake mingi ilipopatikana katika shule ya watawa huko Piedmont, kaskazini mwa Italia. Kilichomwokoa ni nota, yaani alama za sauti zilizoandikwa karatasini.

Watunzi wa Kikipsigis wa Kiptere, Kapkatet na vijiji vingine vya nchi ya chai ya Kericho, Kenya, hawakuandika nota, kwani wimbo ulirithishwa kwa kuimbwa. Ndiyo maana ziara ya huko ya Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyenasa sauti kwa mashine mwaka 1950, ina uzito wa pekee. Miongoni mwa alizonasa ni nyimbo tatu ziitwazo Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika Kenya. Katika wimbo wa tatu, wasichana wanaimba kwa mlio wa chepkong'o, kinubi chenye bakuli lililowambwa ngozi; na kwa maelezo ya Tracey, Rodgers humo amekuwa nusu mtu nusu paa, anayehimizwa aruke katika ngoma mpaka nguo zimvuke. Muziki wenyewe hauna dalili ya Marekani: habari ya mbali imetungwa upya kwa mizani ya nyumbani.

Tracey alikuwa mwangalifu, akaandika mahali, ala na jina la kiongozi, Chemutoi Ketienya; lakini walioitikia wameandikwa "wasichana" tu, ingawa bila sauti zao wimbo huo haungekuwepo. Nakala za sauti hizo ziliporudishwa Kericho katika miaka ya 2010, zaidi ya miaka 60 ilikuwa imepita, na muda huo hupunguza mashahidi wa kuulizwa.

Leo simu hunasa nyimbo za harusi na za kanisani Kiptere kwa urahisi ambao Tracey hakuuota, lakini video nyingi husambazwa bila jina la mtunzi wala la mwitikiaji. Heshima kwa msanii huanza kwa kumwuliza jina angali hai, yeye pamoja na wanaomwitikia, na kuliandika kabla wimbo haujatumwa kwa wengine.