Tawi Lililobeba Mara ya Kwanza

Kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, filamu ya Jackie Chan ilipoisha hakuna aliyenyanyuka kwenye benchi. Tulijua majina yakianza kupanda kwenye kioo yatakuja na zile picha za makosa: mtu kateleza, mwingine kala teke la kweli badala ya la kuigiza, Jackie mwenyewe anashika goti huku akicheka. Na sisi tunacheka. Kwenye Armour of God tulicheka vilevile, mpaka ikafika picha ya mti. Anaruka, tawi linakatika, anaporomoka. Watu wanakimbia. Kisha anabebwa. Jamaa mmoja nyuma akasema, "Anaigiza huyo, stelingi hafi." Tukamwamini, tukaenda kulala.

Hakuwa anaigiza. Nilikuja kukijua kisa kile ukubwani, na tangu hapo kinachonisumbua zaidi ya kuanguka kwenyewe ni zile dakika chache kabla yake.

Mwaka ulikuwa 1986. Filamu hiyo, ambayo kwa Kikantoni huitwa Lung Hing Foo Dai, yaani kaka joka na mdogo wake simbamarara, ilikuwa ikipigwa Yugoslavia. Mwongozaji alikuwa Eric Tsang. Jackie alikuwa mtafuta hazina anayeiba upanga wa kabila la Kiafrika na kukimbia nao. (Afrika yenyewe ilikuwa hukohuko Yugoslavia, lakini hayo tuyaache.) Kwenye kukimbia huko alitakiwa aruke kutoka ukutani, ashike tawi la mti, ashuke nalo. Basi. Akaruka, akashika, akashuka salama. Picha ikapatikana.

Lakini haikumridhisha. Akasema turudie.

Mara ya pili tawi lilikatika. Alianguka kiasi cha mita 5 na kichwa chake kikagonga jiwe. Fuvu lilipasuka, kipande cha mfupa kikaingia ndani kuelekea kwenye ubongo, damu ikamtoka sikioni. Alifanyiwa upasuaji hukohuko ugenini. Mpaka leo kichwani mwake kuna tundu lililozibwa kwa plastiki, na sikio moja halisikii vizuri kama zamani.

Sasa ndugu yangu, turudi nyuma kidogo, maana ajali ya namna hii haiji bila kubisha hodi. Kwenye Project A ya 1983 alikuwa amening'inia kwenye mshale wa saa ya mnara, kisha akajiachia, akapasua maturubai mawili mpaka chini. Ule mnara aliuogopa. Alipanda, akatazama chini, akaahirisha, siku zikapita kabla hajathubutu. Woga ule ulimsaidia, kwa sababu ulimzuia asiruke kwa pupa. Mwaka 1985, kwenye Police Story, aliteleza kushuka kwenye nguzo iliyozungushiwa taa ndani ya jengo la maduka, viganja vikaungua, mgongo na nyonga vikaumia. Mwili ulikuwa umeshasema. Ila filamu zote mbili zilipendwa sana, na makofi yana tabia ya kuzima sauti ya mwili.

Halafu unakuja mti. Mti ni nini mbele ya mnara? Mita 5 ni nini kwa mtu aliyezoea kuruka kutoka juu ya majumba? Hapo ndipo naona hatari ilipojificha. Kikubwa tunakiogopa, tunakifungia kamba. Kidogo tunakifanya huku tunaongea.

Na lile tawi. Lilikuwa limeshabeba uzito wa mtu mzima aliyelirukia kwa nguvu. Sisi binadamu tukiona kitu kimetubeba mara moja, tunasema kimethibitika. Mtu wa miti angekuambia kinyume chake: tawi lililokwisha kuvutwa namna ile linatakiwa kukaguliwa upya, maana huenda limeshapata ufa ambao macho hayauoni kutoka ukutani. Sijui tawi lile lilikuwaje ndani. Najua tu kwamba kushika kwake mara ya kwanza ndiko kulikowapa wote moyo.

Tena jiulize nani angemzuia. Yeye ndiye nyota na watu wote wapo pale kwa ajili yake. Ukiwa bosi, ukisema turudie, watu wanarudi kwenye nafasi zao. Kama nawe una mahali ambapo hakuna anayeweza kukuambia "inatosha", hata kama ni jikoni kwako tu, pachunguze mahali hapo.

Eric Tsang hakuendelea na kazi ile baada ya ajali, na Jackie alipopona akaiongoza mwenyewe. Ukiitazama vizuri utaona mahali anapotokea na nywele fupi, kisha ghafla ndefu. Nywele fupi ni za kabla ya tawi. Huko Hong Kong filamu ilitoka Januari 1987 na kuingiza zaidi ya dola milioni 35 za Hong Kong. Miaka kadhaa baadaye, akipiga Rumble in the Bronx, alivunjika kifundo cha mguu, na kazi ikaendelea huku plasta imevishwa soksi iliyopakwa rangi ifanane na kiatu.

Simcheki. Mwaka jana nilipanda ngazi ya mbao kupigilia bati lililokuwa likipiga kelele usiku. Nikapigilia, nikashuka. Nikiwa chini nikaona msumari mmoja umekaa upande. Mke wangu akasema, "Baba Neema, inatosha, hata mvua haipiti hapo." Nikamjibu, huo mmoja tu. Nilipofika kipago cha nne kikalia, nami nikakisikia kabisa kikilia, nikajiambia si ndiyo nimetoka kukikanyaga sasa hivi? Nilianguka kwenye ndoo za maji. Mkono ulivimba wiki mbili.

Ngazi bado ipo nyuma ya nyumba. Kile kipago nimekifunga kwa waya. Mama Neema ameshaniambia mara mbili niikate kuni.