Na Winamp Yangu Je?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, vijana wanaotengeneza kompyuta hapa Makiso wana jibu moja: weka Linux. Hawakosei. Mashine nyingi tunazonunua Kisangani zimekwisha kutumika kwingine, na Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho nyingi za zamani hazina. Linux haidai hicho wala pesa.

"Papa, utaizoea tu," mmoja aliniambia. Nikamuuliza: na Winamp?

Akacheka. Winamp, programu ya kuchezea muziki kwenye Windows, ilitoka mwaka 1997, kabla yeye hajazaliwa. Lakini humo nimepanga muziki miaka na miaka. Abeti Masikini, aliyezaliwa mji huu mwaka 1954, hafuatani na Franco ovyo ovyo. Kuna nyimbo za alfajiri, za matanga, na za Jumapili pondu ikiwa jikoni. Wengi wanaokataa kuhama wala hawaipendi Windows (mimi siipendi hata kidogo). Wanashikwa na programu moja tu, waliyoitolea jasho.

Vicheza muziki vya Linux vipo tele. VLC, iliyoanzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris, hufanya kazi pande zote mbili. Kinachonihusu ni mahali yalipohifadhiwa yale niliyoyapanga, na kama yatakubali kutoka. Orodha zilizohifadhiwa kwa muundo wa M3U ni maandishi matupu, unazifungua kama barua. Njia za faili zinazoanza na D:\ nitazibadilisha zote kwa mkupuo mmoja. Nyota nilizozipa nyimbo, hizo Winamp imeziweka kwenye hifadhidata yake yenyewe. Naziacha. Wimbo mzuri nitaujua nikiusikia.

Kwa kijana anayetengeneza biti kule Mangobo, mambo ni mazito zaidi. Yeye hutumia FL Studio ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, ambayo haina toleo la Linux. Wapo wanaoiendesha kwa kupitia Wine, inayowezesha programu za Windows kufanya kazi ndani ya Linux, ila baadhi ya ala za ziada hugoma. Anaweza kutoa kila ala kama faili ya WAV, lakini sauti ikishagandishwa hivyo, noti ya besi iliyokosewa hairekebishiki kirahisi, na mteja wake akitaka wimbo upandishwe sauti kesho, atafanyaje? Kumwambia naye "utaizoea" ni kuidharau kazi yake.

Nilimshauri abaki na Windows 10 ileile, aitenge na intaneti, na kila flashi ya mteja aikague kabla ya kuifungua. Habari ya flashi aliibishia sana, maana wateja hawapendi kusubiri umeme ukiwa umerudi. Ya intaneti hakubisha: bando lake lote huishia kwenye simu.