Amri ya Tano, Amri ya Saba, na nyumba ya kupangisha

Mungu alipowapa Waisraeli sheria zake kwa mkono wa Musa, hakusahau hata ujenzi wa nyumba. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, aliagiza kwamba ajengaye nyumba mpya azungushe ukuta mdogo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Dari za nchi ile zilikuwa tambarare, na watu walipanda juu yake kuketi na kulala.

Katika Kongo hakuna alalaye juu ya mabati, lakini agizo halikufa. Huko Bukavu nyumba nyingi zimejengwa juu ya miteremko ya vilima. Hapo ukuta ule mdogo ni mfereji wa kupitisha maji ya mvua, ni msingi wa mawe, ni choo chenye kifuniko. Vivyo hivyo kijijini, kwa mtu aliyejenga chumba karibu na soko akampangishia mwalimu. Akijua ya kuwa ukuta umepasuka, naye akapokea fedha na kunyamaza, ajipime kwa Amri ya Tano. Wako wadhanio kwamba Amri hiyo yahusu panga na mkuki tu.

Papa Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, alihesabu makao kati ya haki za kila mtu, pamoja na chakula na mavazi.

Tena kuna jambo la garanti. Fedha hiyo ni rehani, si zawadi: mpangaji akitoka arudishiwe, isipokuwa ameharibu kitu au ana deni. Sheria ya Kongo nambari 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 yakataza garanti ya nyumba ya kukaa kupita kodi ya miezi 3. Hata hivyo wako wanaodai zaidi, na baba kijijini huuza mbuzi ili mwanawe apate chumba mjini. Siku ya kutoka, kijana huambiwa garanti imekwisha liwa. Imeliwa na nani?

Je, kula garanti ni wizi? Ndiyo, kwani ni kushika mali ya mwingine pasipo haki. Wala haitoshi kusikitika, yapasa kuirudisha. Katika mlango wa 24 wa kitabu kile kile, Mungu alimkataza mkopeshaji kuingia nyumbani mwa mdeni ili kuchukua rehani: angoje nje. Na vazi la maskini lirudishwe kabla ya jua kuchwa.

Mpangaji naye amefungwa na Amri hiyo hiyo. Atorokaye usiku na deni la miezi miwili, mlango wa chumba begani, si maskini aliyeonewa.

Kwa hiyo, kabla ya fedha kutolewa, wote wawili waizunguke nyumba pamoja, waandike kilicho kizima na kilichovunjika, kila mmoja ashike karatasi yake. Asiyejua kusoma amwite katekista, amsomee mbele ya mwenye nyumba, neno kwa neno.