Ubavu Uliokubali Kutobolewa

Fundi wa majahazi hupimwa kwa chombo kisichovuja. Atachagua mbao ngumu, ataziba nyufa kwa kalafati, atapaka shahamu, na jina lake litadumu kadiri chombo kinavyodumu. Kuna mchezo, ulioanzia Texas, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, unaomgeuza fundi huyo miguu juu. Wachezaji huunda manowari ndogo za mbao, nyingi kwa kipimo cha 1 kwa 144, wakifuata michoro ya meli halisi za enzi za vita vikuu viwili, kisha huziteremsha bwawani na kuzipiganisha kwa redio. Silaha zake si za kuigiza: gesi ya kaboni dioksidi husukuma gololi za chuma za milimita 4.5 hivi, na gololi hutoboa kwelikweli. Mkuku na mataruma huweza kukatwa kwa plaiwudi, lakini ubavu huvikwa balsa, ubao mwepesi kupita kiasi, wenye unene usiofika hata milimita moja. Kanuni zinakataza kuuimarisha, na hata upana wa mataruma na nafasi baina yake vimewekewa mipaka, fundi asije akajificha nyuma ya mifupa ya chombo chake. Ndani kuna pampu ya kukumba maji. Ikizidiwa, meli inazama. Basi mtu anafanya nini anapotumia miezi kuunda kitu ambacho sheria inadai kiwe chepesi kuangamizwa? Na je, ni halali kukifanya kwa mfano wa vyombo vilivyozama na watu ndani?

Nasema ni halali, na hoja yangu yote imo katika ule ubao mwembamba. Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake The Grasshopper cha mwaka 1978, alieleza kuwa kucheza ni kukubali kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Maelezo hayo yanatosha kwa mbio za magunia. Hapa yanahitaji nyongeza, kwa sababu kikwazo chenyewe ni udhaifu. Mchezaji hakubali tu njia ngumu ya kushinda, anakubali kudhurika, tena sawasawa na mwenzake, na kinachodhurika ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Aliyekata mataruma ndiye aliyeshika redio, na ndiye atakayeingia majini kuiopoa meli. Mwamuzi, mtendaji na mwenye hasara ni mtu mmoja. Sasa viangalieni vita. Ubaya wake mkubwa si kwamba chuma kinapasuka, bali kwamba anayeamua hayumo ndani ya meli, na aliyemo hakuamua.

Meli ya Kiingereza Hood ni ushahidi mzuri. Ilikamilika mwaka 1920, na udhaifu wa deraya ya sitaha zake haukuwa siri; ukarabati mkubwa ulipangwa, vita vikaingia, ukaahirishwa. Tarehe 24 Mei 1941 ililipuka ikipigana na manowari ya Kijerumani Bismarck, na kati ya watu 1,418 waliokuwamo wakaokoka 3. Wembamba ule uliamuliwa mezani na watu wengine, wakaulipia mabaharia. Kwetu hesabu haikuwa tofauti. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoangamizwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, Wajerumani waliopoa mizinga yake 10 na kuiunganisha na jeshi lao la nchi kavu, ikakokotwa kwa nguvu za Waafrika ambao hawakuulizwa kama ugomvi ule unawahusu. Hood ya bwawani, yenye urefu wa mita 1.8 hivi, ina wembamba pia, lakini ni wembamba uliokubaliwa na mwenye nao, na ndani hamna mtu. Kwa hiyo tofauti ya mchezo na vita haiko katika ukubwa. Meli ya urefu wa kidole iliyobeba roho moja isiyoridhia ingekuwa upande wa vita.

Atakayesema hii ni israfu nitamjibu kwa ufupi: meli huopolewa, matundu huzibwa, balsa hubandikwa upya, na chombo kilekile hurudi majini. Kinachotumika zaidi ni subira, nayo haipungui kwa kutumiwa. Pingamizi zito ni la nia. Dini zetu hazitazami mkono peke yake, hutazama pia moyo unazoea nini. Je, anayefurahia kuzamisha mfano hazoei kufurahia kuzamisha? H. G. Wells alitoa kitabu cha vita vya wanasesere, Little Wars, mwaka 1913, akidai kwamba aliyecheza vita vidogo huona upumbavu wa vile vikubwa. Mwaka uliofuata Ulaya ikawaka. Sidai, basi, kwamba mchezo unatibu mtu. Ninachodai ni kidogo zaidi: moyo huzoea mchezo mzima, si ule mlio wa gololi tu, na sehemu kubwa ya mchezo huu ni kushindwa hadharani, kuokota mabaki yako, na kumsaidia mshindani kutafuta ya kwake kabla ya raundi inayofuata. Kiburi hakipati chakula kingi hapo.

Lakini pingamizi hilo lina sehemu nisiyoweza kuiondoa, nayo haigusi ubao, inagusa jina. Mfano usio na jina ni mbao na gundi. Ukishaandikwa Hood, umeazima vifo 1,415, na wenye vifo hivyo hawakuombwa idhini, ilhali nimejenga utetezi wote juu ya idhini. Wapo watakaosema jina ni kumbukumbu, na kweli, mtu anayechunguza michoro ya meli kwa miezi huishia kuijua kuliko wengi wanaoweka mashada. Ninakubali kwa yule anayejua. Kwa anayelichukua jina kwa sababu ya mizinga mikubwa tu, ningemshauri aunde moja ya zile manowari zilizochorwa na hazikujengwa kamwe. Kanuni za baadhi ya vilabu zinaziruhusu, na hazina mjane.