Akila na Priskila: Nyumba Moja, Kazi Moja



Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya 18, msome habari za mume na mke waliohamahama. Akila alikuwa mtu wa Ponto, akakaa Rumi pamoja na mkewe Priskila. Kaisari Klaudio alipowafukuza Wayahudi, yapata mwaka 49, wakahamia Korintho. Kisha wakaenda Efeso. Baadaye twawakuta tena Rumi. Hawakuwa watu wakuu. Walishona mahema, wakapata riziki yao kwa mikono yao.

Lakini angalieni jambo hili. Agano Jipya lawataja mara sita, na mara zote sita wametajwa wote wawili. Pengine mume hutangulia, pengine mke, lakini hakuna atajwaye peke yake. Mtume Paulo alipofika Korintho, alikaa kwao na kufanya kazi pamoja nao. Apolo alipohubiri Efeso, naye alijua ubatizo wa Yohana tu, wote wawili walimchukua kwao wakamfundisha zaidi, wala hawakumwaibisha mbele ya watu. Kanisa lilikusanyika nyumbani mwao. Tena Paulo awashuhudia kwa Warumi ya kwamba walihatirisha maisha yao kwa ajili yake.

Watu hawa waliacha nyumba mara nyingi, lakini ndoa yao haikupotea njia. Maana kilichowaunga si nyumba wala mali, bali kazi moja ya Bwana mmoja.

Nasi je? Wengi wetu twafunga ndoa mbele ya madhabahu, kisha twamwacha Bwana pale pale kanisani na kurudi nyumbani wawili tu. Tangu siku ile mazungumzo yetu ni shamba, ng'ombe, ada ya shule na deni la mahari. Hayo si maovu. Akila naye alihesabu mahema yake. Lakini yakiwa ndiyo kiini cha nyumba, basi mwaka ule kahawa isipozaa, upendo nao hunyauka.

Mimi niandikaye sina ruhusa ya kuwahukumu wengine, maana kosa hili lilikuwa langu. Nalitunza usharika wenye vijiji vinne vya kuhubiri. Nikirudi usiku nalikula, nikaandika kitabu cha ubatizo, nikalala. Jioni moja nalifika mlangoni, nikamsikia mtoto wetu akimwuliza mama yake jikoni, “Mama, je, baba naye husali?” Mke wangu akanyamaza kidogo, akamjibu, “Husali kanisani.”

Mtoto alipolala, mke wangu aliniambia kwa upole, “Baba, watu wa vijiji vyote vinne hupata neno lako, ila sisi.” Nalikasirika. Nalimwambia ya kwamba kazi ya Mungu ni nyingi, naye haijui. Lakini usiku ule sikupata usingizi, maana nalijua amesema kweli. Kabla ya mapambazuko nalimwomba radhi, tukapiga magoti pamoja. Tulikuwa na miaka tisa katika ndoa, na sala ile ilikuwa ngeni vinywani mwetu kama lugha ya kujifunza.

Katekisimo Ndogo yatuonya vivyo hivyo. Martin Luther, aliyemwoa Katharina von Bora mwaka 1525, aliitoa mwaka 1529. Wala hakuiandika kwa ajili ya darasa la kipaimara tu, bali mwenye nyumba awafundishe watu wake. Sala za asubuhi na jioni zimo humo, zipate kusaliwa nyumbani.

Wahenga walisema, jifya moja haliinjiki chungu. Nasi twajua ya kuwa hata mawili hayatoshi. Chungu hupinduka, chakula humwagika motoni. Mume na mke wakikaa wawili tu, ndivyo ilivyo. Yatupasa kumpa Bwana mahali pake.

Basi, wapenzi, nawasihi mambo matatu. Kwanza, wekeni saa ijulikanayo, baada ya chakula cha jioni, moto ungali unawaka. Someni maneno machache na kusali, hata kama mmechoka. Mume akiwa safarini, mke aongoze. Priskila alimfundisha hata mhubiri. Pili, chagueni kazi moja ya kumtumikia Bwana pamoja: kumlimia mjane, kumkaribisha mgeni, au kumlea yatima. Tatu, msilale na kinyongo. Aliyekosa aungame, na mume asione haya kutangulia.

Nanyi walimu wa vijiji, wachumba wajapo kwenu, msiwaulize habari za mahari na nguo za arusi tu. Waulizeni, “Nyumba yenu itamtumikia Bwana kwa kazi gani?” Wasipojua la kujibu, wapeni siku za kufikiri. Na mwaka wa kwanza ukiisha, waendeeni nyumbani, mkawaulize tena neno lilo hilo.

Nyumbani kwetu sala hukatika siku nyingine, hata sasa. Lakini mtoto yule haulizi tena. Hutuletea kitabu mwenyewe.

Bwana aliyekaa nyumbani mwa Akila na Priskila akae na kwenu. Amina.