Uongo Unaopunguza

Wanazuoni wa maadili, wa mashariki na wa magharibi, wametumia wino mwingi katika kumlaumu mtu anayeisifu bidhaa yake kuliko inavyostahili, na lawama hiyo yaeleweka, kwa kuwa mnunuzi aliyehadaiwa hutoka sokoni na hasara mkononi. Lakini ni wachache waliokaa wakamtazama kwa makini mfanyabiashara wa namna ya pili, yule mwenye kitu cha nguvu za farasi 300 ambaye huandika kwamba zimo 280 tu. Je, huyu naye ni mwongo? Na kama ni mwongo, amemdhulumu nani? Swali hili si la kubuni. Tangu mwaka 1989 hadi 2004 watengenezaji wa magari wa Japani waliishi ndani yake, na magari yao ya mbio, yale waliyouziana nyumbani na yale waliyoyapakia melini kwenda ng'ambo, ni shahidi wa kutosha kwa mwenye kutaka kulichunguza.

Chanzo chake kilikuwa misiba. Mwaka 1970 barabara za Japani ziliua watu zaidi ya 16,000. Idadi hiyo ikashuka kwa juhudi kubwa, kisha ikaanza kupanda tena, hata mwaka 1988 ikavuka 10,000, na wakuu wa serikali wakaanza kuyatazama kwa jicho la hofu magari ambayo kila yalipotoka mapya yalitangazwa kuwa na nguvu kuliko yaliyotangulia. Nissan ilipotoa Fairlady Z mpya mwaka 1989, yenye nguvu za farasi 280 kwa kipimo cha Kijapani, watengenezaji walikubaliana kwamba hapo ndipo mwisho wa mashindano, wala halitatangazwa gari la kuzidi hapo. Hapakutungwa sheria bungeni, wala hapakuwekwa adhabu kwa mwenye kuvunja. Palikuwa na ahadi tu, iliyokuja kuitwa mapatano ya waungwana, na waungwana wale, tukiihesabu ahadi kwa herufi zake, waliitimiza: hakuna aliyeandika 281.

Lakini karatasi ni jambo moja na injini ni jambo jingine. Skyline GT-R ya Nissan, iliyotoka mwaka huo huo wa 1989, iliandikwa 280. Ile ya 1995 ikaandikwa 280, na ile ya 1999 ikaandikwa 280 vilevile, ingawa waliozipandisha kwenye mashine za kupimia walikuta nguvu zinazozidi 300. Atakaye kuliona jambo hili kwa karibu zaidi na afunue boneti mbili za Toyota Supra iliyotoka mwaka 1993, moja ya Japani na moja ya Ulaya. Injini ni ile ile, silinda sita katika mstari mmoja, ujazo wa lita 3, na tabo mbili ubavuni; lakini ndani ya tabo za Japani pangaboi linalozungushwa na moshi limefanywa kwa kauri, jepesi, la kuamka upesi mguu unapokanyaga, lisilostahimili kusukumwa kupita kiasi, ilhali lile la Ulaya limefanywa kwa chuma, zito kidogo lakini lenye subira mbele ya moto; nozeli za Japani hupitisha petroli sentimita za ujazo 440 kwa dakika, na za ng'ambo 550. Ya kwanza iliandikwa 280, na ya pili ikatangazwa Marekani na Ulaya kuwa na nguvu 320 au zaidi. Katika gari hili, basi, tofauti ilikuwa pia ya vyuma, si ya wino mtupu, na insafu yataka tuseme hivyo. Yataka tuseme pia kwamba si kila mara ng'ambo ndiko kulikopelekwa kilicho bora: Honda Integra Type R ilikuwa na nguvu 200 kwao na 190 ilipofika Uingereza.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kinachojulikana kwa jina la Nicomachus, aliuweka ukweli wa mtu juu ya nafsi yake katikati ya pande mbili, upande mmoja majivuno na upande wa pili kujipunguza, akasema kwamba wote wawili wameuacha ukweli, ila huyu anayejipunguza aghalabu ana tabia ya kupendeza zaidi, maana huonekana kuikimbia fahari. Msomaji wa pwani atakumbuka kwa upande wake habari ya yule muuza nafaka ambaye Mtume alitia mkono katika lundo lake akakuta majimaji chini ya punje kavu, akamkemea kwa kuificha aibu ya bidhaa. Lundo la Wajapani lilikuwa kinyume cha lile: unyevu juu, ukavu chini. Mnunuzi aliyetia mkono alitoka na faida asiyoilipia, na nani atakwenda kwa kadhi kushitaki kwamba amepewa zaidi ya alichonunua? Hapo ndipo wengi husimama, wakasema kwa tabasamu kwamba uongo huu hauna aliyedhulumiwa, basi si uongo wa kuhesabiwa.

Mimi siwezi kusimama nao. Hoja yao huwatazama watu wawili tu, muuzaji na mnunuzi, kana kwamba barabara ni duka lenye mlango uliofungwa. Nao wamemsahau wa tatu, mpita njia, mtoto anayevuka kwenda shule, mzee wa baiskeli, ambao ndio waliokuwa sababu ya mapatano yenyewe. Ile namba 280 haikuandikwa kwa ajili ya mnunuzi, kwani mnunuzi alikwisha kunong'onezwa ukweli na muuza gari na magazeti ya wapenda mbio. Iliandikwa ili watu hawa wengine na serikali yao wapate utulivu wa moyo, waamini kwamba nguvu imetiwa lijamu. Al-Ghazali, ambaye hakuwa mtu wa kulegeza mambo ya ulimi, alikubali kwamba maneno ni njia ya kufikia makusudi, na kwamba palipo na kusudi jema lisilofikika ila kwa uongo, uongo huo waweza kupata ruhusa. Tuipime namba yetu kwa mizani hiyo. Kusudi lilikuwa jema, hakuna shaka. Lakini je, halikufikika kwa ukweli? Lilifikika kwa wepesi kabisa: kuifanya injini ya 280 iwe ya 280. Ruhusa ya Al-Ghazali, basi, haiwafikii.

Wala si kwamba mafundi wale hawakujua namna ya kulizuia gari kwelikweli. Walikuwa na kizuizi kingine, ambacho sisi wa Mombasa na Dar es Salaam, tunaonunua magari yao yaliyokwisha kutumika, tumekizoea bila kukifikiri: kipimamwendo kinachokomea kilomita 180 kwa saa. Katika magari yao yenye nguvu mtambo hukata petroli yafikapo hapo, hata dereva akanyage mpaka sakafuni. Katika GT-R ya mwaka 2007 ya soko la nyumbani wakaongeza ajabu nyingine: gari hutambua kwa setilaiti kwamba limeingia uwanja wa mashindano, na hapo humruhusu mwenyewe kukiondoa kizuizi. Mtu aweza kuuliza kama subira inayolazimishwa na mtambo ni subira, na jibu langu ni kwamba si fadhila ya dereva hata kidogo. Lakini angalau ni kizuizi kinachozuia, na namba iliyo mbele ya dereva inasadikiwa na injini iliyo mbele ya miguu yake.

Mapatano yaliondolewa mwaka 2004, na Honda Legend ikatangazwa kwa nguvu 300 bila ya haya. Kufikia wakati huo waliokufa barabarani kwa mwaka walikuwa chini ya 8,000, na shukrani kwa hilo haziwezi kwenda kwa namba ambayo injini hazikuitii. Tuzipeleke kwa mikanda ya viti, kwa waganga wa dharura, na kwa sheria ya ulevi iliyokazwa mwaka 2002. Waliotoa ahadi ile waliwaambia Wajerumani na Wamarekani ukweli kuhusu Supra, wakawaandikia jirani zao namba ya GT-R ambayo wao wenyewe hawakuisadiki. Huo ulikuwa ushahidi wa uongo mbele ya watu wa nchi yao, na hata kama kila mnunuzi alifurahi, sioni haki ya kuuita uungwana.