Mungu Atakulipa, Mwalimu

Hapa Kasongo, na hata ukienda Kabambare, mwalimu asiye na mshahara huombewa dua moja: "Mungu atakulipa, mwalimu." Mzazi huisema anapomleta mtoto shuleni, na mkubwa wa serikali huisema anapofunga mkutano. Mzazi namwitikia amina kwa moyo wote. Yule mwingine siwezi kumwitikia, na sababu yangu naitoa katika dini yangu, Uislamu, ulioingia mjini hapa tangu enzi za Tippu Tip.

Siku moja Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza. Akauliza kama marehemu ana deni, akaambiwa dinari tatu, na hakuacha kitu cha kulilipia. Akawaambia masahaba wamswalie mwenzao, yeye akajizuia, mpaka mmoja wao, Abu Qatada, aliposema deni lile ni juu yake. Ndipo akamswalia. Dinari tatu tu, ndugu zangu! Ndiyo maana masheikh wetu hufundisha kwamba haki yake Mwenyezi Mungu huisamehe apendapo, lakini haki ya mja inamngoja mja mwenyewe. Basi mdaiwa anapomwambia anayemdai kwamba Mungu atamlipa, anamtwika Mola mzigo ambao Mola ameuacha shingoni mwake yeye mdaiwa.

Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio walioishika shule kwa prime yao, mchango wa kumlipa mwalimu. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya bure, na Septemba 2019 gratuite, yaani elimu hiyo ya bure, ikaanza kutekelezwa. Niliifurahia, na bado naitetea, kwa sababu niliona watoto wakirudi darasani. Lakini mwalimu wa NU, ambaye jina lake halijaingia kwenye orodha ya mishahara, alibaki hana prime wala mshahara. Wengine waliacha chaki wakaenda Salamabila kutafuta dhahabu. Siwalaumu.

Mwalimu mwenzangu Mkatoliki hunituliza kwa mfano wa Yesu, ule wa vibarua wa shamba la mizabibu: aliyeanza alfajiri na aliyekuja jioni walipata dinari ileile, basi tusihesabu sana saa. Naupenda mfano huo, ila namkumbusha kwamba tajiri yule aliwalipa wote jua lilipozama siku ileile. Hakumwacha hata mmoja aende nyumbani mikono mitupu.

Lipo swali gumu zaidi: kazi ya mwalimu itapimwaje? Mpwa wangu anafundisha chuo huko Marekani, naye alinieleza sheria yao ya mwaka 2007. Aliyesoma kwa mkopo wa serikali kuu, akautumikia umma huku akilipa rejesho la kila mwezi mara 120, husamehewa deni linalobaki. Sharti ni kazi ya saa 30 kwa wiki. Walimu wa vyuo wanaolipwa kwa kipindi walikuwa wakishindwa kulitimiza, kwa kuwa ziliandikwa saa za darasani peke yake. Tangu Julai 2023 kila saa ya darasani inazidishwa kwa 3.35 angalau, hivyo mwenye saa 9 anafika 30. Kilichonigusa ni kwamba serikali yao ilikubali kwa maandishi kuwa kusahihisha na kutayarisha ni kazi.

Kwetu ushahidi wa kazi hiyo upo tayari. Kila somo lina fishi ya matayarisho, imeandikwa kwa mkono usiku kwa mwanga wa tochi: tarehe, darasa, lengo, maswali ya kuwauliza watoto. Direktere huipitia na kuitia sahihi. Nimeziona fishi za walimu wa NU zimefungwa kwa kamba ya katani, mwaka juu ya mwaka, kingo zimeliwa na mchwa lakini sahihi zinasomeka. Anayesema hesabu haiwezekani hajafungua kabati la shule ya kijijini.

Basi kazi ya mwalimu na ihesabiwe. Hesabu ianzie siku alipokabidhiwa darasa, si siku namba yake ya utumishi (matrikule) ilipotoka Kinshasa. Na aliyefariki akingoja, walipwe warithi wake, kwa maana katika mirathi yetu anachodai maiti ni mali ya warithi, na serikali haina ruhusa ya kukizika pamoja naye.